Pipa la Maji ya Kemia

Nyasubi ya Kahama, miaka ile, ungeweza kunyimwa vitu vingi na bado ukaondoka unacheka. Mtu alikunyima chumvi, alikunyima kiberiti, alikwambia sukari imekwisha na huku kijiko kinalia ndani ya kikombe chake, nawe ukasema haya, Mungu atatupa. Lakini maji! Kahama mwezi wa kumi, kisima cha bondeni kimeshuka mpaka kamba zinaungwa kwa vipande vya kanga, halafu mtu akwambie hana maji wakati pipa lake umeliona kwa macho yako, limesimama pale nyuma ya nyumba na mfuniko wake. Huyo mmemalizana. Mtasalimiana, ndiyo, maana salamu ni ya Mungu, lakini mmemalizana.

Sasa Mwalimu Mwaisha binti Akida alikuwa na pipa, na alikuwa ananyima.

Alikuwa mtu wa Pangani, mrefu, mchache wa maneno, na Kiswahili chake kimenyooka hata watu waliona haya kufungua mdomo mbele yake. Aliwahi kuolewa Tanga na bwana mmoja aitwaye Salehe. Miaka ikapita bila mtoto, Salehe akaleta mke wa pili, na Mwaisha akaandika wizarani wampeleke popote pale. Wakampeleka Kahama, sekondari, akafundishe kemia. Akapanga chumba kwenye nyumba moja ya bati, mstari mmoja na familia nyingine. Kila mwanamke wa mstari ule aliitwa kwa mtoto wake, Mama fulani, Mama fulani, na yeye aliitwa Mwalimu tu. Hakuna aliyekusudia kumuumiza, ila liliuma.

Na pipa lile, ngoja nikueleze, halikuwa la ubahili. Kidato cha nne wana mtihani wa vitendo, na ndani ya mtihani huo kuna kazi inaitwa titresheni. Mtoto anajaza asidi kwenye bureti, yaani mrija mrefu wa kioo wenye mistari ya vipimo na koki chini. Chini yake anaweka chupa yenye maji ya magadi yaliyopimwa, na matone mawili ya rangi ya njano. Anafungua koki, asidi inadondoka, anatikisa chupa, inadondoka, anatikisa, mpaka tone moja tu linageuza ile njano kuwa rangi ya chungwa. Hapo anafunga na kusoma asidi iliyotumika ni ujazo gani. Kutokana na ujazo huo anakokotoa mengine yote. Ujazo ukiwa mbovu, hesabu yote ni takataka, hata angekuwa na akili za kupeleka watu mwezini.

Kazi hiyo inataka maji matupu, yasiyo na chochote ndani yake. Mtambo wa shule wa kukeneka maji, yaani kuyachemsha na kukinga mvuke wake, ulikuwa umekufa siku nyingi, na maji ya betri huyapati hata gereji. Maji ya kisima ndiyo usiseme. Maji ya kisima cha Kahama yana chumvi na magadi yake ya kuzaliwa nayo, sabuni ndani yake haitoi povu na maharage hayaivi. Ukiyatumia kuchanganya asidi, yanaila, yaani yanaipunguzia nguvu. Kwa hiyo Mwaisha alikinga mvua za masika kwenye lile pipa chini ya bati, akayafunika, akayalinda mpaka mwezi wa kumi na moja, mwezi wa mtihani. Hakulitia kufuli. Ulimi wake ulitosha.

Mwaka uliotangulia jirani yake Generosa alifiwa na mama mkwe. Generosa ndiye Mama Pantaleo, mke wa fundi baiskeli, mwenyeji wa Ushirombo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani. Ndugu walikuja kwa lori, uani pakajaa, na siku hiyo mwenye punda wa maji hakutokea. Generosa akaenda kwa Mwaisha mwenyewe, macho yamevimba.

"Mwalimu, naomba debe moja tu. Nitalirudisha kesho."

"Haya si maji ya kunywa, Mama Pantaleo. Ni maji ya mtihani."

"Wageni wana kiu, Mwalimu. Debe moja."

"Samahani. Siwezi."

Akafunga mlango. Na kweli asingeweza, pipa mwaka ule lilikuwa limebaki robo. Lakini kusema neno zaidi ya hilo kulimgharimu nini? Mwanamke ambaye kutwa nzima anawaeleza watoto wa watu kwa nini hiki na kwa nini kile, alishindwa kumweleza mfiwa mmoja kwa nini. Aliona ataonekana anajitetea. Kiburi cha mtu mpweke ni kibaya kuliko cha tajiri, nakwambia.

Tangu siku ile akawa kama mti uliosimama katikati ya uwanja, watu wanauzunguka. Jioni wanawake walikaa kwenye mkeka mbele ya mlango wa Generosa, wakichambua mboga na kusutana na kucheka. Mwaisha alipopita walinyamaza, wakamwamkia vizuri, shikamoo kutoka kwa wadogo na habari za kazi kutoka kwa wakubwa, na alipoingia ndani kicheko kikarudi. Alikula peke yake akisikiliza. Kuna siku alijikuta anacheka na yeye, ndani, gizani, kwa mzaha alioupata nusunusu kupitia dirishani, halafu akaona aibu.

Basi mwaka wa pili, kama wiki moja kabla ya mtihani, homa ikamwangusha. Shuleni walidhani amesafiri. Generosa ndiye aliyeona kwamba mlango wa Mwalimu haujafunguliwa na jiko lake halijatoa moshi tangu juzi. Akagonga, akasukuma, akamkuta sakafuni. Akamwita Coletha, jirani wa chumba cha mwisho, msichana mwembamba mwenye maneno mengi na mikono ya nguvu. Wakampandisha kwenye baiskeli ya fundi, mmoja anasukuma na mwingine anamshikilia asidondoke, mpaka hospitali.

Alilala huko siku kadhaa. Kila siku Generosa alikuja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Hakuleta maneno, alileta uji. Siku moja alivuta kiti nyuma ya kitanda, akazifumua zile nywele zilizokuwa zimesokotana kwa homa, akamsuka, polepole, akiimba chinichini wimbo wa kwao. Mwaisha aligeuzia uso ukutani asionekane. Hapakuwa na mkono wa mtu uliomgusa kichwa tangu atoke kwa mama yake, na sasa alitaka kitu kimoja tu duniani: akirudi Nyasubi, na yeye akae kwenye ule mkeka. Alitamani hivyo kama mtoto. Akapanga kwamba mtihani ukishapita tu atapika pilau ya kwao Pangani, sufuria kubwa, atawaita wote, na mbele yao wote atamwomba Generosa radhi ya lile debe. Angeweza kumwomba palepale kitandani, lakini hapana, alitaka iwe na pilau.

Akatoka hospitali mtihani ukiwa keshokutwa. Kesho yake asubuhi, miguu bado inatetemeka, akaenda nyuma ya nyumba kuchota maji ya asidi. Pipa limejaa! Yeye alikumbuka lilikuwa nusu, usawa wa ule mkunjo wa katikati. Akawaza, labda mvua ilipita nikiwa nimelala, au homa imenichanganya. Hakujali sana. Akachota ndoo mbili, akatafuta mtu wa toroli, akaenda nazo maabara.

Kazi yenyewe aliijua kama kusonga ugali. Asidi kali mililita hamsini, maji mpaka zitimie lita sita, na asidi ya mtihani iko tayari. Maji ya magadi alikuwa ameshayatengeneza kabla hajaugua, yamekaa kwenye chupa zake yamezibwa. Kilichobaki ni kujaribu. Akajaza bureti, akapima magadi mililita ishirini na tano, akatia rangi, akafungua koki. Ilitakiwa igeuke asidi ikifika ishirini na tano kamili.

Ishirini na tano ikafika, ikapita. Njano tu. Ikageuka kwenye ishirini na sita nukta tatu.

Akarudia. Ishirini na sita nukta tatu. Akaosha vyombo, akafuta macho, akarudia tena, na tena ikaja ileile. Asidi imepungua nguvu, ndiyo maana inatakiwa nyingi zaidi. Na yeye hajakosea kupima, angeapa kwa msahafu. Akaangalia ile ndoo ya pili. Akachovya kidole, akaonja.

Maji ya mvua hayana ladha. Haya yalikuwa na ule uchungu wa bondeni, ule unaokwangua nyuma ya ulimi.

Hapo damu ikampanda. Mambo yote yakajipanga kichwani, tena yakajipanga vizuri, na hapo ndipo penye hatari. Wameniona nimelazwa. Wameyachota maji yangu yote wakapikia maharage yao, maana maharage kwa maji ya mvua yanaiva upesi kila mtu anajua. Halafu wakajaza ya kisima nisitambue, na wakajaza mpaka juu, kwa sababu mwizi hajui alikuta kiasi gani. Na ule uji! Ya Rabi, ule uji!

Akafunga maabara, akavuka barabara huku anajikwaa. Ilikuwa saa kumi jioni, mkeka umeshatandikwa, wanawake wamekaa, watoto wanacheza. Hakusalimu. Mwanamke wa Pangani hakusalimu!

"Nani kagusa pipa langu?"

Wakatazamana. Coletha akaanza kutabasamu, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa swali hilo.

"Mwalimu, karibu kwanza, pole na—"

"Usinikaribishe! Nauliza nani kaiba maji yangu akaniwekea uchafu wa kisima! Watoto wa watu wana mtihani kesho. Mwaka mzima nayalinda, mnangoja nife ndiyo mnayachota? Na wewe Mama Pantaleo, unaniletea uji, unanisuka nywele! Kumbe ulikuwa uji wa hongo!"

Lile tabasamu la Coletha likafa mdomoni. Akainuka, tayari kujibu, na Coletha akijibu humsikii mwingine. Generosa akamshika goti.

"Mwache," akasema. Hakusema zaidi.

Na ule ukimya wa Generosa ndio uliomtia Mwaisha wazimu kamili, maana aliuona ni ungamo. Akazunguka nyuma ya nyumba, nao wakamfuata mpaka kwenye kona. Pipa lilikuwa limesimama juu ya mawe matatu. Mwanamke aliyetoka kitandani jana hawezi kuangusha pipa, lakini hasira ina misuli yake mwenyewe. Akaliegemea kwa bega, likayumba, jiwe likachomoka, likaenda chini kwa kishindo. Maji yote yakamwagika kwenye vumbi la Novemba.

Usinitajie ile methali kwamba yakimwagika hayazoleki. Yale yalizoleka. Watoto walikuja mbio na vikombe na vifuniko vya sufuria, wakayakomba kwenye vishimo pamoja na matope yake, na mama mmoja akaleta beseni akachota ya kunyweshea mbuzi. Generosa alisimama akitazama maji yanavyonyonywa na ardhi. Uso wake haukuwa na hasira, na Mwaisha aliliona hilo, akaliacha lipite.

Akarudi maabara. Mtihani ni mtihani, haungoji mtu apoe. Akakaa kwenye kigoda kirefu, akavuta karatasi, akakokotoa. Na hesabu ikaanza kumtuliza, kama ilivyomtuliza siku zote tangu Tanga, kwa sababu hesabu haina mke wa pili. Ishirini na tano ukigawa kwa ishirini na sita nukta tatu: asidi yake imebaki na sehemu tisini na tano katika mia. Yaani katika zile mililita hamsini alizotia, maji yamekula mbili na nusu. Basi anazirudisha zilezile. Bahati chupa ya asidi kali ilikuwa bado na masalio. Akapima mililita mbili na nusu kwa pipeti, kile kimrija cha kupimia, akaziongeza, akakoroga, akajaribu. Ishirini na tano kamili. Akajaribu tena, ishirini na tano. Watoto wamepona.

Angefunga mlango akaenda kulala, tungekuwa tunazungumza mengine. Lakini mwalimu wa kemia ukimpa maji asiyoyajua na asidi anayoijua, lazima apime. Alitaka kujua wezi wake wamemwachia nini hasa. Akaenda jikoni kwa wapishi wa shule akaomba kikombe cha maji ya kisima, kilekile cha bondeni, akapima mililita hamsini. Zikala asidi mililita tano. Kisha akapima hamsini kutoka kwenye ndoo iliyobaki, yale ya pipani. Zikala mbili na nusu.

Akatazama karatasi.

Tano ni kisima kitupu. Mvua tupu ni sifuri. Mbili na nusu ni nusu kwa nusu. Basi pipa lile lilikuwa na nusu maji ya kisima, na nusu nyingine mvua. Na alipougua aliacha mvua kiasi gani? Nusu. Usawa wa mkunjo wa katikati.

Akarudia kupima. Akaomba ikosee. Hajawahi mwalimu yule kuomba kipimo kikosee, lakini siku hiyo aliomba, akitikisa ile chupa na midomo inamcheza. Mbili na nusu. Mvua yake ilikuwepo yote. Hapakuwa na mtu aliyechota hata kata moja. Walichofanya ni kuongeza. Pipa lile huingia madebe kumi, kwa hiyo nusu yake ni matano. Madebe matano kutoka bondeni, mwezi kama ule, kwa kichwa.

Akakaa pale mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Mtihani ulikwenda vizuri, na tuseme ukweli, ulikwenda vizuri kuliko mwaka wowote. Watoto waliingia wakitetemeka, wakatoka wakiulizana, "Wewe umepata ngapi?" "Ishirini na tano." "Na mimi ishirini na nne nukta tisa!" Wakarukaruka uwanjani. Mkuu wa shule akampa Mwaisha mkono, akamwambia pole kwa homa na hongera kwa kazi. Mwaisha akasema ahsante. Alikuwa hajalala.

Asubuhi iliyofuata akaenda kwa Generosa. Hakuenda na pilau wala na chochote. Alimkuta anafagia uani, akasimama kwenye kona kama mtu aliyekuja kukopa.

"Karibu, Mwalimu," Generosa akasema, akaegemeza ufagio, akamletea kigoda. "Mtihani umekwendaje?"

"Vizuri. Mama Pantaleo, mimi..." Kiswahili chake chote kikamkimbia. "Mimi nimepima yale maji. Nimejua. Hamkuchukua kitu."

"Hatukuchukua."

"Mlijaza."

Generosa akaitazama mikono yake. "Tulisema, mtihani uko karibu na Mwalimu anaumwa, na pipa liko nusu. Hao watoto watafanyia nini mtihani? Na mtu akitoka hospitali haifai akute chombo kikavu. Basi tukaenda alfajiri kabla watu hawajakitibua kisima. Coletha akatoa kanga yake mpya, tukayachuja mara mbili, maana tunajua wewe hupendi taka."

Mwaisha akajifunika uso kwa ushungi. Akalia kwa sauti, mbele ya mtu, mchana kweupe.

"Nisamehe, Mama Pantaleo. Na lile debe la msiba, nisamehe. Maji ya kisima yana magadi, yanakula asidi, ndiyo maana sikuweza... ndiyo maana..."

Akaeleza yote, ya bureti, ya mvua, ya robo pipa. Generosa alimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za nchi ya mbali.

"Kumbe," akasema. "Ungetuambia tu, Mwalimu. Tusingegusa."

"Nisamehe."

"Yameisha, Mwalimu. Yameisha kabisa. Mimi sina kinyongo." Akaingia ndani, akaleta chai, akamuuliza kama anaweka sukari. Wakanywa. Wakaongea kuhusu mvua, kwamba imechelewa. Chai ilipokwisha Generosa akamsindikiza mpaka kwenye kona, akamtakia siku njema. Alikuwa mwema vilevile na alisema kweli, hakuwa na kinyongo. Ila ule wimbo wa chinichini, na ile mikono kwenye nywele, hivyo havikuwepo, na havikutajwa.

Jumamosi Mwaisha akanunua debe. Hajawahi kuteka maji kisimani tangu aje Kahama, siku zote alinunua ya mwenye punda. Alfajiri akasikia wanawake wa mstari wakitoka, akawafuata baada ya muda, debe limemning'inia mkononi, mpaka bondeni. Aliwakuta wamekaa chini pembeni ya kisima wakingoja zamu, madebe yamepangwa kutoka ukingoni mpaka kwenye michongoma, na Coletha anasimulia kisa, wote wanakufa kwa kicheko.

Walipomwona wakanyamaza.

"Mwangaluka, Mwalimu," akamwamkia mama mmoja kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

Akaenda kuweka debe lake mwisho wa mstari. Hata hajaliachia, Coletha ameshasimama, amelipokea kwa mikono miwili. "Aa, Mwalimu, wewe na kungoja wapi na wapi! Mpisheni Mwalimu." Na wote wakampisha. Wakasogeza madebe yao yaliyolala pale tangu nyota hazijatoweka, wakafungua njia. Coletha akateka mwenyewe, akayamimina taratibu, akamkunjia ngata, akamtwika debe kichwani. Hapakuwa na mtu aliyenuna, na hapakuwa na dhihaka hata kidogo. Walimfanyia kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima aliyepita njia.

"Haya, Mwalimu, taratibu hapo kwenye mawe."

"Ahsanteni," akasema Mwaisha.

Akapanda kilima, maji yanamdondokea begani. Hajafika juu akasikia kule nyuma Coletha ameshika kisa chake palepale alipokikatiza, na kicheko kikalipuka. Akasimama. Mungu ni shahidi, pale njiani angetoa chochote atokee mmoja wao, yeyote, amkimbilie, amshike mkono na kumfokea, "We mwanamke, nani kakwambia upite mbele? Rudi nyuma, panga debe lako kama wenzio!"

Akangoja kidogo. Hakuna aliyekuja, akaendelea na njia.